Mkalimani wa Hester

Vita na Wafaransa vilipoanza upya, Liverpool nzima ilishikwa na homa ya kuwinda. Kila tajiri mwenye meli alikimbilia kuomba idhini ya mfalme, karatasi iliyomruhusu kuzishambulia meli za adui na kuzichukua pamoja na mali yake, na kila baharia aliyebakiwa na meno ya kutafunia mkate mkavu alitaka kuandikwa. Meli iliyogombewa kuliko zote ilikuwa Hester. Ilikuwa nyembamba, nyepesi, na ilijaa mizinga ubavu hadi ubavu.

Mkuu wa mizinga yake walimwita Sam. Jina alilopewa na mama yake ni Kwamina, maana alizaliwa Jumamosi, huko Anomabu kwenye pwani ya Wafante. Mjomba wake, mfanyabiashara mkubwa wa pale, alimpeleka Liverpool akiwa mvulana ili ajifunze kusoma na kuandika kama Waingereza, arudi awe msaada wa nyumba. Shule aliionja tu. Mwenyeji wake alifariki, hakuna aliyejua wa kumlipia, akaishia melini kufunga kamba. Bahari ikamlea, ikamsomesha, ikamzeesha. Sasa alikuwa na mvi za kwanza kidevuni, mke wa Kiingereza aitwaye Nan aliyeuza kambamiti sokoni, na jicho ambalo likiulenga mlingoti wa watu, mlingoti unalala.

Katika safari ya kwanza ya kuwinda, Hester ilikamata meli ya Wafaransa iliyosheheni kahawa na nili. Liverpool ikawapigia kengele. Sam alibebwa juu juu kutoka gatini mpaka mlango wa baa, watu wakiimba jina lake, na Nan akawa anawaambia wateja wake, "Kambamiti hawa wameguswa na mkono wa mke wa Sam, bei imepanda."

Lakini Wafaransa nao si wajinga. Walipoona meli zao za biashara zinanyakuliwa, wakazifungia bandarini. Safari ya pili Hester ilizunguka baharini miezi na miezi ikiwinda upepo. Ilirudi na ngama tupu, tumboni hamna shehena, na mabaharia wenye fizi zinazotoka damu.

Bwana Penketh, mwenye meli, aliwakusanya sitahani. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya upole kama mchungaji wa kanisa.

"Meli si paka, jamani, kwamba ilale jikoni ikisubiri panya," alisema. "Mwakani Hester inakwenda Gini, pwani ya Afrika ya magharibi, kuchukua watumwa, kisha Jamaika. Anayetaka aje, asiyetaka kwaheri."

Wengine walishangilia. Baharia mmoja alitema mate baharini, akachukua kifurushi chake, akashuka bila neno. Sam hakushangilia wala hakushuka. Alikaa juu ya mzinga wake akijikuna kidevu.

Wiki zilizofuata alikuwa akipita gatini kutazama meli ikigeuzwa. Siku moja alishuka ngamani akamkuta Enoch Fazakerley, seremala wa bandari na mwenzake wa glasi kwa miaka mingi, amepiga magoti katikati ya mbao. Enoch alikuwa anajenga jukwaa refu la mbao kila upande wa meli, nusu ya kimo kutoka sakafuni.

"Enoch, hizi ni rafu za nini? Jibini?"

"Za watu."

"Watu wataingiaje hapo?"

"Kwa kutambaa. Tajiri kasema nafasi inatosha." Enoch aliendelea kupiga msumari. "Nilijilaza mwenyewe kujaribu."

"Ukatosha?"

"Nilitosha. Lakini mimi nilijua nitaamka nikanywe bia."

Sam alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Alipanda juu. Mizinga mingi mikubwa ilikuwa imeteremshwa ili kupisha mapipa ya maji. Katikati ya sitaha palisimamishwa ukuta wa mbao, mrefu kuliko mtu, wenye misumari mirefu iliyochongoka juu. Kwenye ukuta kulikuwa na matundu mawili, na katika kila tundu mzinga mdogo wa kuzungushwa kwa mkono. Midomo yake ilitazama omo, sehemu ya mbele, ndani ya meli yenyewe.

"Enoch!" aliita. "Umeiweka nyuma mbele hii!"

Kichwa cha Enoch kikatokeza mlangoni. "Sijaiweka nyuma mbele, Sam."

Jioni hiyo hiyo Nahodha Wragge alimwita. Wragge alikuwa nahodha mpya, aliyekwisha kwenda Gini mara kadhaa; alikuwa na tabia ya kusema na mtu huku akimtazama paji la uso.

"Unakijua Kifante?"

"Ni lugha ya mama yangu, Nahodha."

"Basi utakuwa mkuu wa mizinga na mkalimani. Mshahara mara mbili. Na nitakupa karatasi, wale askari wa jeshi la majini wasikuguse."

Hilo la karatasi lilimgusa Sam. Siku zile vikosi vya jeshi vilikuwa vikivizia mabaharia mitaani na kuwaswaga kwa marungu mpaka kwenye meli za vita, na aliyechukuliwa hakurudi mpaka vita viishe au yeye aishe. Lakini lililomgusa zaidi hakumwambia nahodha. Wragge alikuwa amesema watatia nanga Anomabu.

Nan alimsikiliza huku akimenya viazi.

"Yaani unakwenda kuuza watu wa mama yako."

"Siuzi mtu, Nan. Mimi nashika mizinga."

"Nimeiona mizinga yenyewe. Nimepita leo na kapu langu." Alitupa kiazi sufuriani maji yakaruka. "Mlipowinda Wafaransa niliwaombea kwa Mungu, ingawa ule nao ulikuwa wizi mtupu. Hii siiombei."

"Nitamwona mama yangu."

Nan aliweka kisu chini. Yeye mwenyewe alikuwa amemzika mama yake mwaka uliotangulia. Mwishowe akasema, "Mwone, basi. Ila usije ukaniambia ulikuwa abiria." Asubuhi ya safari alimfungia mkate wa shayiri na samaki wa moshi kwenye kitambaa, akampa mgongo kabla meli haijang'oa nanga.

Mtumbwi ulimvusha Sam mawimbi ya Anomabu, akaruka mchangani kama alivyoruka utotoni. Harufu ya moshi na mafuta ya mawese ilimpiga puani. Lakini mama alikuwa amekufa zamani, tangu yeye hajaota ndevu. Hakuna aliyempelekea habari. Wangempelekea wapi?

Mjomba alikuwa hai, kipofu sasa, ameketi kwenye ua wake amejifunga kitambaa cha hariri. Alimpapasa Sam uso mzima kwa vidole.

"Nilikutuma ukaniletee elimu," alisema, "umeniletea meli. Si haba!" Akacheka mpaka akakohoa. "Mwambie nahodha wako asinunue kwa wale wa mtaa wa pili. Wangu wana afya."

Sam alikula mahindi yaliyochachuliwa na samaki, chakula alichokiota kwa miaka, akakiacha nusu. Alikuwa amekuja akidhani pwani hii ina watu wa kuwaonea aibu. Kumbe ilikuwa na mjomba wake, anahesabu faida.

Ndipo watu wakaanza kuletwa kwa mitumbwi, wanaume wamefungwa wawili wawili, wanawake na watoto bila minyororo. Wengi walitoka bara, lakini Kifante walikielewa.

"Waambie hatuwali," aliamuru Wragge. "Huwa wanadhani tutawala. Waambie wanakwenda kufanya kazi kwenye nchi nzuri."

Sam alisimama mbele ya ukuta wa Enoch akayatafsiri maneno hayo neno kwa neno. Kulikuwa na mama mmoja aliyeibeba miaka yake kwa heshima, mrefu, mwenye chale ndogo shavuni. Aliitwa Araba, alikuwa ametekwa njiani akienda kuuza chumvi. Alimsikiliza Sam mpaka mwisho.

"Nani kakwambia tunaogopa kuliwa tu?" alisema. "Wewe ni wa ukoo gani?"

Sam aligeuza uso akaitazama bahari.

"Nakuuliza kwa adabu. Kifante chako ni cha mtoto mdogo, kama mtu aliyeachishwa ziwa akiwa hajamaliza kujifunza kuzungumza. Ukoo gani?"

"Anasema nini?" aliuliza Wragge.

"Anauliza safari ni ndefu kiasi gani, Nahodha."

Safari ilikuwa ndefu ya kutosha. Kila asubuhi mlango wa ngama ulipofunguliwa, uvundo ulipanda juu ukawa kama kitu cha kushikika. Waliokufa walitupwa baharini kabla ya uji kugawiwa. Kisha waliobaki waliletwa sitahani wakalazimishwa kurukaruka, eti ni ngoma, ili viungo visigande, na asiyeruka alikula kiboko. Homa haikuchagua, iliua na mabaharia pia, mmoja baada ya mwingine, hata ikawa aliyebaki anafanya kazi ya wawili. Sam alisimama nyuma ya ukuta karibu na mzinga mdogo, utambi unaowaka mkononi, akiangalia watu aliokuwa akielewa kila wanachosema. Mabaharia wenzake walikuwa na bahati ya kutoelewa. Wao walisikia kelele. Yeye alisikia mtu akimwambia mwenziwe, "Ukifika kwa baba mwambie nilijitahidi."

"Huo mzinga wako hulala?" Araba alimuuliza siku moja, akiosha mabakuli.

"Haulali."

"Na wewe?"

Kweli, usingizi ulikuwa umemhama. Alikuwa akijilaza kwenye kitanda chake cha turubai anatazama mbao za juu, anamfikiria Enoch.

Walikuwa wamekaribia visiwa, maji yamegeuka buluu nyepesi na ndege wameanza kuonekana, siku ile tanga lilipotokeza upande wa kusini. Sam alilitazama mara moja tu. Meli ile ilikuwa nyembamba, nyepesi, milingoti imelala nyuma kidogo, nayo haikwenda popote ila kwao.

"Mwindaji," alisema. "Mfaransa wa kisiwa cha Guadeloupe."

Wragge alilitaja jina la Mungu na la shetani kwa pumzi moja. Miaka miwili nyuma Hester ingeigeukia meli ile ikaitafuna. Sasa ilikuwa na mizinga mikubwa michache, na mabaharia wazima wasiotosha kuijaza hiyo michache. Mbio nazo haikuziweza, tumbo lilikuwa limejaa. Nahodha akafanya walilowahi kufanya manahodha wengine wa Gini walipobanwa: aliamuru wanaume wenye nguvu wafunguliwe minyororo, wapewe mikuki, na wengine wapangwe kwenye kamba za mizinga.

"Sam! Waambie wale ni Wafaransa, wanachemsha watu wakawala. Waambie atakayepigana leo nitampa nguo na kofia, na nitamchagulia bwana mpole. Haraka!"

Sam alipita kwenye mlango mdogo wa ukuta akasimama upande wa pili, ambako tangu Anomabu alikuwa hajasimama peke yake. Watu walikuwa wamesimama na mikuki wameishika kama majembe ya kuazimwa. Wote walimtazama. Angeweza kusema alichotumwa. Ulimi wake ulikuwa umeshazoea.

"Nahodha anasema mpigane na meli ile," alianza. "Anasema hao hula watu. Ni uongo. Nimepigana nao, ni watu wa mkate na mvinyo kama hawa. Anasema atakayepigana atapewa nguo na bwana mpole. Hilo la nguo labda ni kweli."

Hakuna aliyecheka.

"Sasa lisikieni la kwangu. Kabla hatujaondoka kwa Waingereza, baharia aliyetoka visiwa hivi alisema Wafaransa wa huku wamefuta utumwa. Anayeshushwa kwao si mtumwa tena. Sikuona kwa macho yangu. Sijui kama ni kweli. Huyu nahodha anakowapeleka, hilo nalijua."

Mzee mmoja mwenye pingu bado kwenye mguu mmoja alisema, "Heri nusu shari."

Araba alikuwa ameegemea pipa. "Na wewe unataka tufanye nini?"

"Sina haki ya kutaka kitu, mama."

"Haya. Basi huo moto mkononi mwako ni wa nini?"

Sam alitazama. Utambi ulikuwa ungali unawaka. Alikuwa amekuja nao bila kufikiri. Aliudumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kuoshea mabakuli, ukalia *shii*.

Mzee yule akaweka mkuki wake chini, taratibu, kama anayeweka mtoto aliyelala. Akaketi. Aliyekuwa karibu naye akaketi. Sitaha nzima ikaketi.

"Wana nini?" Wragge alipiga kelele kutoka shetrini, upande wa nyuma. "Umewaambia nini?"

"Nimewaambia ulichosema, Nahodha. Wamechoka."

Wragge aliikimbilia bastola yake, na pengine angemwua Sam palepale, lakini Wafaransa walifyatua. Mlingoti wa mbele ulikatika ukaanguka na matanga yake yote, ukamwangukia baharia mmoja na kumvunja bega. Kishindo kilipotulia, mabaharia wa Hester walikuwa wameinua mikono. Wragge aliishusha bendera mwenyewe, analia kwa hasira kama mtoto aliyenyang'anywa.

Waliopanda melini wakiwa na mapanga mikononi walikuwa weusi kwa weupe, wote wamejifunga mikanda ya rangi tatu. Watu wa sitahani walipowaona weusi wenye silaha wakiwaamrisha weupe, mnong'ono ulipita kama upepo kwenye mtama. Mmoja wa wapandaji, kijana mweusi mwenye hereni, alizunguka akiwapanga: waliokuwa ngamani upande huu, mabaharia upande ule. Alimfikia Sam akasita. Alijua Kiingereza cha bandarini.

"Mzee, wewe ni wa chini au wa juu?"

Sam alimtazama Araba, ambaye alikuwa akimtazama yeye.

"Wa juu."

"Fikiri vizuri. Wa chini leo ni huru. Wa juu ni mfungwa wa vita."

"Nimesikia. Wa juu."

Kijana aliinua mabega, akamsukuma upande wa Wragge.

Kwa hiyo Sam aliingia gerezani Guadeloupe na mabaharia wenzake wazungu. Lilikuwa ghala la zamani la sukari karibu na bandari, lenye mbu kama moshi. Wragge hakusema naye tena. Hakuwa na ushahidi, maana hapakuwa na mwingine aliyekijua Kifante, lakini usiku alipopandwa na homa ya manjano alikuwa akimtaja Sam na kumlaani. Homa hiyo ilimmaliza kabla ya mvua kuisha. Sam alisaidia kumchimbia kaburi. Hester nayo ilipigwa rangi, ikapewa jina la Kifaransa na mizinga mipya, ikatoka kwenda kuwinda meli za Waingereza. Wafungwa waliichungulia ikipita. Wengine waliitukana. Sam alijikuta anakagua jinsi mizinga ilivyopangwa, akajiona mpumbavu, akarudi kuketi.

Wafungwa walitolewa kufanya kazi ya barabara. Huko ndiko alikokutana tena na Araba, akipita na kapu la mihogo kichwani, amevaa gauni jeupe lililotoboka. Alisimama. Askari mlinzi alikuwa anavuta kiko kivulini, hakujali.

"Umekonda," alisema Araba.

"Na wewe umenona kidogo."

"Kidogo." Aliteremsha kapu. "Walitushusha, wakatusomea karatasi, wakasema sisi si watumwa. Watu wakacheza, safari hii bila kiboko. Kesho yake wakatupeleka shamba la miwa. Ukiondoka bila ruhusa unafungwa. Asubuhi inalia kengele ileile waliyokuwa wakiamshwa nayo watumwa. Malipo tunaambiwa yako njiani."

Sam aliinamisha kichwa. "Niliwaambia sijui."

"Ulisema hujui. Ndiyo maana nimesimama." Alichagua muhogo mmoja, akauvunja kwa goti, akampa nusu. "Hakuna anayenifunga minyororo, hakuna anayeniuza. Yule mzee kajijengea kibanda. Kengele tutaonana nayo."

"Mama Araba. Uliniuliza ukoo—"

"Sikuulizi tena," alisema, si kwa ukali. "Hayo ni yako na wafu wako." Akajitwika kapu, akaenda zake, mgongo wima.

Mwaka mwingine ulikatika ndipo wafungwa wakabadilishwa na Wafaransa waliokuwa kwa Waingereza. Sam alifika Liverpool na jino moja pungufu na mguu unaochechemea. Alimkuta Nan palepale sokoni na kapu lake. Nan alimtazama, akaendelea kumpimia mteja kambamiti wake, akapokea senti, akafuta mikono kwenye aproni, ndipo akamkumbatia kwa nguvu hata mbavu zikamuuma.

Bwana Penketh alitaka kumwandika kazi tena. Alikuwa amenunua meli nyingine ya Gini na alihitaji mkalimani. Sam alikwenda ofisini kwake mwenyewe, kofia mkononi, akamwambia Kifante kimemtoka. Penketh alishangaa, lugha ya mama inamtokaje mtu? Sam akasema hata yeye anashangaa.

Akapata kazi kwenye mashua za kuvusha watu mtoni, kutoka Liverpool kwenda ng'ambo na kurudi. Abiria wa asubuhi walikuwa wakulima wenye maziwa na kabichi. Kazi ilikuwa ya baridi na malipo haba. Nan alinung'unika kila Jumamosi, na kila alfajiri alimpelekea chai ya moto gatini kabla mashua ya kwanza haijaondoka.